UZI: Umeme na maji katika nyumba ya kwanza Arusha, baada ya mita kila kitu ni chako

Mleta uzi (Olasiti, Arusha)

Wanajamvi, salaam.

Mwezi Agosti mwaka jana mimi na mume wangu tulihama nyumba ya kupanga Kijenge tukaingia nyumba yetu ya kwanza hapa Olasiti, baada ya kujenga kidogo kidogo kwa miaka sita. Katika miaka yote hiyo mawazo yetu kuhusu umeme na maji yalikuwa yakiishia getini: nguzo itafika lini, bomba litapita upande gani, tutalipa kiasi gani. Hatukujiuliza vya kutosha kuhusu kinachoanzia kwenye mita kuingia ndani, na huko ndiko fedha zetu zilikopotelea. TANESCO watakuletea umeme mpaka kwenye mita na AUWSA watakuletea maji mpaka kwenye dira, lakini kuanzia hapo uzembe wowote wa fundi, bomba lolote linalovuja na waya wowote uliokatwa njiani ni mzigo wako peke yako. Naandika kwa ajili ya wale ambao nyumba zao ziko kwenye lenta au ndiyo kwanza zimepauliwa, maana wao bado wana nafasi ya kurekebisha kabla ya kupiga plasta.

Nianze na umeme kwa sababu ndio uliotusumbua kidogo zaidi. Siku hizi maombi hufanywa kwa mfumo wa NIKONEKT kwa simu au kompyuta, na kitu cha kwanza unachoulizwa ni namba ya NIDA. Tafadhali tumia namba ya mwenye nyumba. Wapo wanaotumia namba ya fundi au ya shemeji anayesimamia ujenzi kwa kuwa yuko karibu, kisha mita inasajiliwa kwa jina la mtu mwingine, na kulibadilisha baadaye ni safari juu ya safari. Baada ya maombi, mpimaji huja kuangalia umbali wa nyumba kutoka kwenye nguzo, na umbali huo ndio unaoamua gharama. Kwa bei za mjini zilizoanza Januari 2022, kwa umeme wa njia moja, nyumba iliyo ndani ya mita 30 bila kuhitaji nguzo hulipiwa shilingi 320,960, inayohitaji nguzo moja hulipiwa shilingi 515,618, na ya nguzo mbili shilingi 696,670. Kijijini ni shilingi 27,000. Kwa hiyo, kabla hujamlipa fundi kuchimba msingi wa kibanda cha mita, simama kwenye nguzo iliyo karibu nawe na upime kwa futi ya kamba mpaka ukutani. Kwetu mume wangu alipima akapata mita 34 hadi upande wa sebule, lakini hadi kona ya jiko zilikuwa 27. Tulihamishia mita upande wa jiko, tukaokoa gharama ya nguzo nzima.

Malipo hufanywa kwa kumbukumbu namba ya malipo pekee. Mtu yeyote anayekuambia umpe fedha mkononi ili akuharakishie, hata akiwa amevaa kizibao na kofia ngumu, huyo ni kishoka. Jirani yetu mmoja alimpa mtu wa namna hiyo fedha za nguzo, na mpaka leo hajui hata jina lake halisi.

Sasa maji, ambayo ndiyo hasa yaliyonifanya niandike.

AUWSA walitufungia dira ndani ya siku chache baada ya kulipia, na sina lalamiko kwao. Tulipeleka fomu, nakala ya kitambulisho, hati ya mauziano ya kiwanja na barua ya mwenyekiti wa mtaa, kisha wakaja kupima. Kuanzia kwenye dira hadi nyumbani tulimwachia fundi wetu, na fundi alikuwa na haraka kwa sababu mafundi wa vigae vya nje walikuwa wamekwisha kufika.

Ankara ya mwezi wa pili ilikuja kubwa kuliko tulivyotarajia kwa watu wanne, na ya mwezi wa tatu ikawa kubwa zaidi. Mume wangu alidhani dira ni mbovu. Kabla ya kwenda kulalamika niliamua kufanya jambo ambalo mzee mmoja jirani alinielekeza. Saa nne usiku tulifunga koki zote za ndani, tukafunga ya tangi, tukahakikisha hakuna anayetumia choo. Nikapiga magoti kwenye shimo la dira nikiwa na tochi ya simu. Kwenye uso wa dira, kando ya tarakimu, kuna kinyota kidogo chekundu ambacho huzunguka maji yanapopita. Kilikuwa kinazunguka. Kilikwenda polepole sana, kikasimama kidogo kama mtu anayevuta pumzi, kisha kikaendelea. Niliandika tarakimu zote, nyeusi ambazo ni uniti na nyekundu ambazo ni sehemu za uniti, na saa kumi na moja alfajiri nikarudi kusoma tena. Lita 180 zilikuwa zimepita tukiwa tumelala.

Pigeni hesabu pamoja nami. Lita 180 kwa saa saba ni kama lita 617 kwa siku nzima, na kwa mwezi ni zaidi ya lita 18,500. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, kwa hiyo tulikuwa tunalipia uniti 18 na nusu kila mwezi kwa ajili ya kunywesha ardhi. Tulipofumua vigae vya nje tulikuta bomba limelazwa kwenye kina kisichozidi upana wa kiganja, na kiungo chake kimepasuka pale ambapo lori la kokoto lilikuwa limepita wakati wa kumalizia ukuta. Dira haikuwa na kosa lolote. Maji yaliyopita kwenye dira ni ya mteja, yawe yamefika kwenye sufuria au yameishia mchangani.

Naomba kila mwenye nyumba mpya afanye kipimo hicho cha usiku katika wiki ya kwanza, kabla ya ankara ya kwanza. Hakihitaji fundi wala fedha.

Karibuni mchangie, hasa wenye uzoefu wa Moshi na wa nyumba zilizonunuliwa zikiwa tayari zimejengwa.

Mchangiaji wa Sakina (fundi umeme)

Dada, nashukuru kwa uzi huu. Niongezee upande wa waya, kwa sababu watu hutuita tukiwa wa mwisho kabisa, fedha zikiwa zimekwisha kwenye madirisha na jipsamu.

Jambo la kwanza ni kwamba kazi ya kutandaza nyaya inatakiwa kusimamiwa na mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, naye ndiye anayethibitisha kazi hiyo kwa TANESCO. Usikubali fundi anayetandaza nyaya kisha anatafuta mhuri wa mtu ambaye hajawahi kukanyaga kwako. Mwenye mhuri aje aione kazi kabla ya plasta.

La pili ni ukubwa wa waya. Kwa taa, milimita 1.5 inatosha. Kwa soketi weka 2.5. Kwa jiko la umeme weka 6, na upeleke waya wake peke yake kutoka kwenye brika yake. Hita ya bafuni pia ipewe waya na brika yake, kwa kuwa Arusha ya Juni na Julai kila mtu atataka maji ya moto. Nimeshafungua ukuta uliokuwa na harufu ya kuungua kwa sababu hita ilikuwa imeunganishwa kwenye waya wa taa.

La tatu ndilo linalonisikitisha zaidi. Waya wa kwenda ardhini, ambao sisi mafundi huuita arthi, mara nyingi hukatwa kwenye bajeti kwa sababu nyumba inawaka hata bila ya huo waya. Taa zinawaka, friji linafanya kazi, na mwenye nyumba anaona kazi imekwisha. Lakini siku ambayo waya wa ndani ya hita utagusa chuma cha hita, umeme hautakuwa na njia ya kwenda ardhini isipokuwa kupitia kwa mtu aliyesimama bafuni miguu ikiwa imelowa. Ile nondo ya shaba ipigwe chini hadi kwenye udongo wenye unyevu, isiwe imechomekwa kwenye kifusi cha ujenzi, na mwambie mkandarasi aipime kwa kifaa mbele yako. Pamoja nayo weka kile kifaa kinachokata umeme mara tu mkondo unapovuja, cha miliampia 30. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na mlango mmoja wa mninga.

Mchangiaji wa Pasua, Moshi

Salaam kutoka Moshi. Sisi tulinunua nyumba iliyokwisha kukaliwa, kwa hiyo matatizo yetu yalikuwa ya aina nyingine.

Mita ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla, ilikuwa na jina la mmiliki wa zamani, na nyumba ilikuwa imekaa tupu kwa muda mrefu. Siku ya kwanza niliponunua umeme, tokeni ya tarakimu 20 ilikataliwa. Nilidhani nimekosea kuandika, nikarudia mara nne. Baadaye nilielezwa kwamba mita nyingi za malipo ya kabla duniani zilitakiwa kuhuishwa kabla ya tarehe 24 Novemba 2024, kwa sababu hesabu ya muda iliyomo ndani yake ilikuwa inafikia kikomo, na mita ambayo hakuna aliyeinunulia umeme katika kipindi cha kuhuisha ilibaki nyuma. Suluhisho ni kupewa namba za ziada ambazo unaziingiza kwanza, moja baada ya nyingine kwa mpangilio waliokupa, ndipo tokeni yako ya kawaida inakubali. Anayenunua nyumba iliyokaa tupu aijaribu mita hiyo kwa umeme wa shilingi elfu chache kabla hajamaliza kulipa.

Pili, kodi ya jengo. Tangu Agosti 2021 hukatwa kupitia LUKU, na kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa ni shilingi 1,500 kwa mwezi tangu Julai 2023. Nyumba isiponunuliwa umeme kwa miezi kadhaa, kodi hujikusanya na kukatwa siku utakayonunua. Mimi nilikatwa madeni ya miezi ambayo sikuwa hata naijua nyumba hiyo. Ningekuwa nimejua, ningeyaingiza kwenye mapatano ya bei. Kama nyumba ina mita mbili, nenda ukaeleze kwa mamlaka inayokusanya kodi hiyo, usikatwe mara mbili kwa jengo moja.

Kuhusu maji, tunamshukuru Mungu. MUWSA, mamlaka ya maji ya Moshi, wana chemchemi kama Nsere na Shiri, na maji ya Moshi yana sifa nzuri. Nilichojifunza ni kwamba kabla ya kukabidhiwa nyumba uende ofisini kwao na namba ya akaunti iliyo kwenye ankara ya zamani, uulize deni lililobaki, kisha siku ya makabidhiano upige picha ya dira ukiwa na muuzaji.

Mchangiaji wa Muriet

Shikamooni wakubwa zangu. Naomba kuuliza mambo mawili, kwa kuwa naanza ujenzi mwezi ujao. Kwanza, kwa nini mimi na rafiki yangu tunanunua umeme wa fedha sawa na tunapata uniti tofauti? Pili, nataka kuweka tangi la lita 2,000 juu ya paa la bafu. Je, ni sawa?

Mleta uzi

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa hatua hiyo.

Kuhusu uniti, yapo makundi. Kwa bei zilizoanza Aprili 2016, kundi la D1 ni la nyumba ambayo wastani wa matumizi yake hauzidi uniti 75 kwa mwezi, na uniti moja ni shilingi 100. Ukizidisha 75, kila uniti inayozidi ni shilingi 350. Kundi la T1, la matumizi ya kawaida, ni shilingi 292 kwa kila uniti. Juu ya hapo huongezwa VAT ya asilimia 18, asilimia 3 ya REA (wakala wa umeme vijijini) na asilimia 1 ya EWURA, kwa hiyo uniti ya T1 inakufikia kwa shilingi 356 na senti. Ndiyo maana shilingi 10,000 inatoa uniti 28, na katika manunuzi ya kwanza ya mwezi, baada ya kukatwa ile 1,500 ya kodi ya jengo, inabaki kama 23.9. Rafiki yako pengine yuko D1, au alikwisha kukatwa kodi ya jengo mapema mwezi huo. Ukiwa na hita ya kilowati 4, robo saa ya kuoga ni uniti moja kamili, kwa hiyo familia ya watu wanne wanaooga maji ya moto kila siku haiwezi kubaki ndani ya uniti 75.

Kuhusu tangi, lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Lita 2,000 ni tani mbili, karibu sawa na pikapu moja tupu ya wastani iliyoegeshwa juu ya bafu lako. Usiliweke juu ya slabu ambayo haikupigiwa hesabu hiyo. Jenga mnara wake wenye nguzo za zege na msingi wake peke yake, na sehemu ya kukalia tangi iwe tambarare kabisa, kwa kuwa simtangi ikikalia mbao zenye nafasi kati yake hubonyea na kupasuka chini. Kimo nacho kina maana. Kila mita kumi za kimo hutoa presha ya baa moja, kwa hiyo tangi lililo mita tatu juu ya koki linakupa baa 0.3 tu. Bomba la mvua litatiririka bila nguvu, na hita nyingi za papo kwa papo haziwaki kabisa kwa presha hiyo, kwa sababu swichi yake husukumwa na maji. Ukilijua hilo sasa, utapandisha mnara au utaacha nafasi ya pampu ndogo. Na usisahau kuweka bomba la maji yaliyozidi mahali utakapoliona likimwaga, si nyuma ya nyumba, ili boya likiharibika ujue siku hiyo hiyo.

Mchangiaji wa Ngaramtoni

Naomba mniruhusu niongelee jambo ambalo kwetu pembezoni mwa Mlima Meru ni zito kuliko ankara, nalo ni floridi, madini ya kwenye maji yanayoharibu meno yakizidi.

Mimi ni mama wa watoto watatu. Wawili wa kwanza walikulia kwenye nyumba iliyokuwa na kisima, na meno yao yana rangi ya kahawia mpaka leo. Kisima kile kilikuwa na maji meupe na matamu, na nilikuwa nayachemsha kila siku nikiamini nawalinda. Kuchemsha huua vijidudu, lakini floridi haiondoki, bali maji yanapopungua kwa mvuke inabaki ileile ndani ya maji machache zaidi. Chujio la kawaida la mshumaa nalo haliondoi. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na miamba yetu ya volkano huzidisha hapo katika visima na chemchemi nyingi za Arumeru. Meno ya mtoto huathirika zaidi yanapokuwa bado yanatengenezwa ndani ya fizi, yaani katika miaka minane ya mwanzo, kwa hiyo huwezi kusubiri uone ndipo uchukue hatua.

Kwa anayehamia nyumba yenye kisima, peleka sampuli ipimwe kabla mtoto hajanywa. Pale Ngurdoto kipo kituo cha utafiti wa kuondoa floridi ambacho kimefanya kazi kwa miaka mingi kwa kutumia mkaa wa mifupa. Vilevile Dkt. Askwar Hilonga wa Chuo cha Nelson Mandela hapa Arusha alitengeneza chujio linaloweza kurekebishwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali, akashinda tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2015. Maji ya mvua hayana shida hiyo, kwa hiyo mimi nimeweka gata na tangi dogo la maji ya kunywa na kupikia tu, na ya kisima tunafulia na kumwagilia. Mtoto wangu wa tatu ana miaka tisa na meno yake ni meupe.

Mchangiaji wa Moshono

Niongezee gesi kwa ufupi. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutulia sakafuni, kwa hiyo tundu la hewa liwe chini ya ukuta wa jiko na si juu peke yake. Mkiwa bado mnajenga, acheni tundu la mpira ukutani ili mtungi ukae nje ndani ya kibanda chenye matundu. Unaponunua, omba upimiwe. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe. Ongeza kilo 6 au 15 za gesi uone kama mizani inakubali.

Mchangiaji wa Muriet

Nawashukuru sana. Swali la mwisho kwa dada mleta uzi. Mlijuaje pa kuvunja vigae vya nje bila kufumua uwanja mzima?

Mleta uzi

Kwa picha mbili. Siku fundi alipokuwa analaza bomba nilipita nikitoka kazini nikampiga picha akiwa mtaroni, si kwa sababu nilikuwa na akili ya mbele, bali nilitaka kumtumia mama yangu aone kwamba maji yanakuja. Katika picha moja bomba linaonekana linakata kona mbele ya dirisha la pili la sebule, na kiungo kiko sawa na ukingo wa dirisha. Tulianzia hapo, na tulifumua eneo la kama mita moja tu.

Kwako wewe unayeanza, fanya hivyo kwa makusudi. Kabla mtaro haujafukiwa na kabla ukuta haujapigwa plasta, tandaza futi ya kamba kuanzia kwenye kona ya nyumba, upige picha kila bomba, kila kiungo na kila waya, namba za futi zikionekana. Bomba liwe na kina cha nusu mita au zaidi pale gari linapoweza kupita. Kisha, kabla ya kufukia, mwambie fundi afungulie maji na kuacha presha usiku kucha mtaro ukiwa wazi, na asubuhi upite nawe mwenyewe ukigusa kila kiungo kwa mkono mkavu. Picha hizo zihifadhi mahali pawili, kwa kuwa zangu nyingine zilipotea na simu.